Choki Haijaharibika: Kuwasha Hita za Valvu kwa Mkondo Mnyoofu

Msomaji mmoja kaniandikia ujumbe wa mtu aliyechoka. Kajenga pawasapulai ya kuwasha filamenti (waya wa kupashia moto, yaani hita) ya 300B, valvu ya amplifaya ya sauti: transfoma ya volti 6.3, daraja la dayodi za silikoni la kunyoosha mkondo, choki (waya uliozungushwa kwenye kiini cha chuma), kapasita (inayohifadhi chaji), choki, kapasita. Valvu ikiwa nje ya soketi, mita inasoma volti 8 na ushee. Akiichomeka, volti zinaporomoka hadi 3 na filamenti inabaki na wekundu hafifu. Kaamua kwamba choki ni mbovu, na anataka baraka zangu aing'oe aanze na kapasita "kama watu wote".

Baraka hizo sina. Choki yake ni nzima, na mita yake inasema kweli mara zote mbili.

Hilo neno "kama watu wote" nalijua vizuri, maana niliambiwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimekwisha kuwasha 300B kwa mkondo geu, na potenshomita, rezista ya kuzungusha, ya kusawazisha pande mbili za filamenti. Kwa spika za kawaida mambo yalikuwa safi. Kwa spika zenye usikivu mkubwa, na najua nyinyi mnaosoma hapa ndizo mnazozitamani, mvumo ulibaki. Unazungusha potenshomita mpaka mvumo wa hezi 50 unakufa, kisha unagundua chini yake kuna wa hezi 100 ambao hausikii lolote. Nikahamia kwenye mkondo mnyoofu kwa njia ya kila mtu: daraja, kapasita kubwa, kisha regyuleta ya kushikilia volti zisibadilike. Mvumo ukaondoka, ukaja mkwaruzo mwembamba mkali, transfoma ikawa haishikiki kwa moto.

Nikachora choki mbele. Katika kundi letu la mafundi kulikuwa na mtu ambaye neno lake ndilo lililofunga mjadala. Akatazama mchoro wangu, akauliza kama najenga amplifaya au napima vyuma chakavu. Wakacheka wote. Nakiri kwamba nusu ya bidii niliyoitia katika ile kazi haikuwa mapenzi ya muziki, ilikuwa ubishi. Leo amplifaya ile inawaka, na ukiweka sikio kwenye spika huwezi kujua kama imewashwa mpaka uitazame. Yule bwana amekuja kuisikiliza. Alisifu rangi ya mbao.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe.

Kapasita ikitangulia, dayodi hupitisha umeme kwa muda mfupi tu kwenye kilele cha kila wimbi, na katika muda huo mfupi lazima zipitishe chakula chote cha valvu. Ndiyo maana unapata volti zinazokaribia kilele, yaani mara 1.41 ya volti za transfoma, lakini unalipa kwa mikupuo mikali ya mkondo. Valvu inayokula ampea 1.2 huifanya transfoma ibebe mkondo unaokaribia ampea 2. Huo ndio moto niliousikia mkononi, na mikupuo hiyo ndiyo iliyokuwa ikizaa ule mkwaruzo.

Choki ikitangulia, hadithi inabadilika. Choki haipendi mkondo ubadilike ghafla, kwa hiyo inaulazimisha utiririke muda wote, dayodi zikipokezana bila pengo. Unachopata si kilele cha wimbi bali wastani wake: mara 0.9 ya volti za transfoma. Shikeni hiyo 0.9. Kwa msomaji wetu, 6.3 mara 0.9 ni 5.7. Dayodi mbili za silikoni zinazopitisha kwa wakati mmoja zinachukua karibu volti 2. Nyaya za choki nazo zina ukinzani wake, unaokula volti nyingine. Kilichobaki ni 3, kama mita ilivyosema.

Na ile 8? Valvu ikiwa nje, hakuna mkondo. Bila mkondo choki haina cha kushikilia, na kapasita zinajaa taratibu mpaka kwenye kilele. Kwa hiyo pawasapulai ya choki ina sura mbili, yenye mzigo na isiyo na mzigo, na zote mbili lazima uzipangie. Aliyeweka kapasita za volti 6.3 kwa sababu valvu inataka volti 5 atakuja kuokota vipande vyake siku atakapowasha bila valvu.

Ndiyo maana nasema kila siku, anza na mkondo. Wengi mnaanza na volti kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwenye transfoma. Mzigo ndio unaoamua choki iwe ya ukubwa gani, na hesabu yake ni fupi. Chukua ukinzani wa mzigo kwa omu, ukijumlisha ule wa choki zenyewe, ugawanye kwa 940 kama umeme wa ukutani ni wa hezi 50, au kwa 1130 kama ni wa hezi 60. Jibu ni henri, kipimo cha ukubwa wa choki, za chini kabisa zinazotakiwa ili mkondo usikatike. Mimi huchukua karibu mara mbili ya jibu hilo.

300B inataka volti 5 na ampea 1.2. Choki mbili zenye nusu omu kila moja zitakula volti 1.2. Dayodi za Schottky, zinazokula volti chache kuliko zile za silikoni za kawaida na ndizo ningetumia hapa, zitachukua kama volti 1 kwa jozi. Jumla ni 7.2, gawanya kwa 0.9, unapata transfoma ya volti 8. Ukinzani wote baada ya dayodi ni omu 5.2 hivi, gawanya kwa 940, ni milihenri 5.5. Choki ya milihenri 10 inatosha na kubaki. Ukiiwekea kapasita ya mikrofaradi 10,000, hatua ya kwanza inakuachia mawimbi ya kama milivolti 90, na hatua ya pili inayofanana nayo inayashusha hadi milivolti 2 hivi. Transfoma nayo inabeba ampea 1.3 tu badala ya 2. Kilele bila mzigo ni volti 11 na zaidi, na transfoma isiyo na kazi hupanda kidogo, kwa hiyo kapasita ziwe za volti 25 ulale usingizi.

Wenye priamplifaya za ECC83, valvu ndogo ya hatua za mwanzo, nawasikia mkiuliza. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Hita moja ya ECC83 kwa volti 6.3 inakula ampea 0.3, sawa na omu 21, na choki inayotakiwa tayari ni milihenri 22. Ukiiunga kwa volti 12.6 inakula ampea 0.15, ukinzani unafika omu 84, na sasa unatafuta choki ya karibu milihenri 90. Valvu ni ile ile! Ziunge nne sambamba kwa volti 6.3, mkondo unakuwa ampea 1.2, na unarudi kwenye choki ndogo ya milihenri 6 hivi. Choki inapenda mzigo mzito. Ndiyo sababu kwa valvu moja ndogo sijisumbui nayo kabisa. Regyuleta inatosha, na atakayenicheka kwa hilo acheke.

Choki yenyewe usiinunue kwa milihenri peke yake. Uliza inabeba ampea ngapi za mkondo mnyoofu kabla kiini chake hakijashiba, yaani hakijafika mwisho wa usumaku kinaoweza kubeba. Kiini kinatakiwa kiwe na mwanya, maana kisipokuwa nao mkondo mnyoofu unakishibisha, na choki iliyoshiba ni waya tu. Kumbukeni pia kwamba filamenti ikiwa baridi ukinzani wake ni sehemu ndogo ya ule wa moto, kwa hiyo sekunde za mwanzo mkondo ni mkubwa. Wapo wanaodai choki huzuia mruko huo. Haizuii, kwa sababu filamenti inachukua sekunde kadhaa kupata moto na choki ya milihenri 10 haina ubavu wa muda huo. Kinachosaidia ni ukinzani wa nyaya zake na wa transfoma.

Choki ya kwanza hutetemeka, na usumaku wake husambaa. Iweke mbali na transfoma za kutolea sauti, na uigeuze kwa pembe ya digrii 90. Kabla ya kutoboa chesisi, mimi huiachia choki kwenye waya mrefu, naisogeza huku na huku nikisikiliza spika, kisha ndipo naweka alama. Vijana hamtaki kufanya hivi. Mnataka chesisi nzuri ya kupiga picha, mnatoboa kwanza, halafu mnakuja kuniuliza mvumo unatoka wapi wakati kapasita zenu ni za bei mbaya. Subira haiuzwi pamoja na kapasita. Kaa na kalamu jioni moja, andika mkondo, andika ukinzani, halafu ndiyo ufungue pochi. Nimelisema mara nyingi na nitalisema tena, anza na mkondo.

Ndugu uliyeniandikia, hiyo transfoma ya 6.3 iweke kwa kazi nyingine. Agiza ya volti 8 yenye matawi ya 7.5 na 8.5, kwa sababu ukinzani wa choki ulioandikwa na ule utakaoupima havitafanana, na pawasapulai hii haina regyuleta ya kukusitiri. Umeme wa ukutani ukipanda, filamenti nayo inapanda. Badilisha dayodi uweke Schottky. Kisha washa valvu ikiwa ndani, subiri ipate moto sawasawa, na upime kwenye miguu ya soketi, si kwenye kapasita ya mwisho. Ukikuta kati ya 4.75 na 5.25, funga kifuniko. Ukikuta zaidi, hamia tawi la chini au ongeza rezista ya sehemu ya omu, yenye wati za kutosha, baada ya choki ya pili.