Umeandika hapana, kompyuta imesoma ndiyo

Mwezi huu barua karibu zote zinahusu and (na), or (au) na not (si) za Python, lugha ya kuandikia programu, sijui mmeambizana. Haya tuzimalize.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro, najifunza Python kwa simu. Nimeandika kaprogramu ka nauli ya daladala, kanamuuliza abiria kama ni mwanafunzi, akisema ndiyo analipa nusu. Sasa kwa vile wengine wanaandika ndiyo na wengine ndio nikaweka hivi:

if jibu == "ndiyo" or "ndio":
    nauli = nauli / 2

Shida hata nikiandika hapana inakata nusu, nimejaribu mpaka "ugali" ikakata nusu! Na eroo haileti. Simu yangu mbovu au?

JIBU: Marahaba. Simu nzima kabisa. Hili kosa hata mimi liliwahi kunikesha, na ubaya wake ndo huo uliousema, halileti eroo, programu inaenda tu huku inakudanganya.

Sikia, sisi tukisema "kama amejibu ndiyo au ndio" kila mtu anaelewa kwamba "amejibu" inabeba maneno yote mawili. Python haibebi. Inaikata sentensi pale kwenye or, kushoto inakuta jibu == "ndiyo", sawa, inapima, ni kweli au si kweli. Kulia inakuta "ndio" imekaa peke yake, hailinganishwi na chochote. Ungetegemea ilalamike, lakini kwa Python stringi (maandishi ndani ya alama za nukuu) yoyote yenye kitu ndani inahesabika kweli, isipokuwa ile tupu kabisa "", na namba hivyohivyo, 0 ndo si kweli, zilizobaki zote kweli. Kwa hiyo upande wako wa kulia ni kweli asubuhi mpaka jioni, na or inaridhika na upande mmoja tu, basi daladala nzima imekuwa wanafunzi na konda amekula hasara.

Kila upande wa or upe sentensi yake kamili:

if jibu == "ndiyo" or jibu == "ndio":

Ukichoka kurudiarudia, andika if jibu in ("ndiyo", "ndio"): maana yake ni ileile. Halafu kabla ya hapo weka jibu = jibu.strip().lower() maana kuna abiria ataandika NDIYO kwa herufi kubwa, mwingine ataacha nafasi mwishoni, na kwa kompyuta hayo ni maneno tofauti.

SWALI: Mwalimu mimi lupu yangu (kile kipande cha programu kinachojirudia) haiishi. Nataka iendelee kuuliza mpaka mtu ajibu ndiyo au hapana, nimeandika while jibu != "ndiyo" or jibu != "hapana": lakini nikijibu vizuri bado inaniuliza, nimeizima kwa nguvu.

JIBU: Jifanye wewe ndo kompyuta, chukua jibu "ndiyo" upime. Je ni tofauti na "ndiyo"? Hapana. Ni tofauti na "hapana"? Ndiyo. Upande mmoja umekuwa kweli, or imeridhika, unaulizwa tena. Jaribu "hapana", yaleyale. Hakuna neno duniani linaloweza kuwa sawa na yote mawili kwa mpigo, kwa hiyo hiyo lupu haina mlango wa kutokea. Weka and badala ya or, yaani endelea kuuliza kama jibu si ndiyo na pia si hapana.

Kinachotuponza ni kwamba mdomoni tunasema "kama hajajibu ndiyo au hapana", tunaihamisha hiyo "au" kama ilivyo. Ukitaka kubaki nayo inabidi not ikae nje ya mabano: while not (jibu == "ndiyo" or jibu == "hapana"): na inafanya kazi sawasawa. Not ikiingia ndani ya mabano, or inageuka and, na and inageuka or. Hiyo inaitwa sheria ya De Morgan, jamaa wa hesabu wa Uingereza, alizaliwa India mwaka 1806, rafiki yake George Boole ndo huyo ambaye aina ya data ya bool, ile ya kweli au si kweli, imebeba jina lake. Wote wawili hawakuwahi kuona kompyuta kama hii yako.

SWALI: Niko Mombasa. Mpango ni wazee au watoto wenye kadi waingie bure. Nimeandika if umri >= 60 or umri < 12 and ana_kadi: lakini wazee wanaingia hata bila kadi. Kwa nini?

JIBU: Kwanza nikuulize wewe, "wenye kadi" ni watoto peke yao au na wazee pia? Hata Kiswahili chako hakijasema! Python yenyewe ina utaratibu, not kwanza, halafu and, or mwisho, kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Kwa hiyo umri < 12 imeshikana na ana_kadi, mzee amebaki huru. Weka mabano: if (umri >= 60 or umri < 12) and ana_kadi: na mimi naweka mabano hata pale yasipohitajika, nani ana muda wa kukumbuka.

SWALI: Nimeandika if mauzo / siku > 5000 and siku > 0: bado inaleta ZeroDivisionError siku ikiwa 0, wakati nimeikinga kabisa.

JIBU: Umemweka mlinzi nyuma ya nyumba. Python inasoma kutoka kushoto, imeshagawanya kwa 0 kabla ya kufika kwenye kinga yako. Geuza, siku > 0 itangulie. Kwenye and, kushoto kukiwa si kweli, Python kulia haigusi kabisa.