Ndama wa chupa hapa Mombasa: anza na maji kabla ya unga

Mtu akiniuliza anunue unga gani wa maziwa kwa ajili ya ndama wake, mimi humuuliza kwanza: maji ya kukorogea utayatoa wapi? Wengine huona ninakwepa swali. Lakini kwetu hapa, hilo ndilo linaloamua kama ndama atanenepa au atalala ubavu.

Kisauni, Bamburi, Mtopanga, hata ng'ambo kule Likoni, nyumba nyingi zinategemea visima, na vingi vina chumvi. Ukipikia chai unaionja, ukifulia sabuni inakataa kutoa povu. Maji ya bomba, haya ya kutoka vyanzo vya Mzima na Baricho, huja kwa zamu. Siku yasipokuja tunanunua mitungi ya mkokoteni, na si kila muuzaji atakwambia ameteka wapi. Basi asubuhi ndama analia, bomba kavu, na mkono wa mfugaji unakwenda kwenye ndoo ya kisima. Baada ya siku chache ndama anaendesha, na lawama zote anabebeshwa muuza unga.

Unga wa maziwa ya ndama una madini yake tayari, sodiamu ikiwamo, yaliyopimwa ili yachanganywe na maji matamu. Ukitia maji ya chumvi unamzidishia, na ndama mchanga hana nguvu ya kuitoa chumvi ya ziada, hasa kama hapewi maji mengine ya kunywa. Akianza kuhara ukampa na dawa ya kurudisha maji mwilini, ambayo nayo ina chumvi, na ukaikorogea maji yale yale ya kisima, hali inaweza kumzidi akaanza kutetemeka na kuanguka. Na usijidanganye kwamba ukichemsha yamekuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haipai na mvuke. Maji yanapungua, chumvi inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kukolea.

Jirani yangu mmoja aliwahi kubadilisha aina ya unga kwa sababu ndama wake wa Friesian alikuwa haachi kuendesha. Unga mpya nao ukaonekana mbaya. Tulipomtengea mitungi ya maji ya bomba, ya ndama peke yake, iliyofunikwa, kinyesi kilianza kushika bila kubadilishwa kitu kingine. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: kabla hujalipia mfuko wa unga, tenga chombo cha maji matamu ya ndama, na mwambie kila mtu nyumbani kwamba hayo hayaoshei vyombo. Masika ikifika, maji ya mvua yanafaa sana, mradi uache mvua ya mwanzo isafishe paa na tangi liwe safi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana wengi huingia kwenye unga kwa ajili hiyo. Maziwa Mombasa yana soko. Hoteli, vibanda vya chai na majirani wote wanayataka, na kila lita anayokunywa ndama ni lita ambayo hukuiuza. Hesabu ni rahisi. Unga mwingi hukorogwa gramu 125 kwa lita moja ya maziwa yaliyo tayari, kwa hiyo kilo moja inatoa lita 8. Gawanya bei ya kilo kwa 8, kisha linganisha na bei unayouzia maziwa yako. Tofauti ikiwa ndogo, mpe ndama maziwa ya ng'ombe, usijisumbue. Mimi siamini unga kwa ajili ya unga. Unafaa pale unapookoa pesa ya kweli, au pale mama amekufa, amekataa, au ana ugonjwa wa kiwele.

Ukinunua, soma nyuma ya mfuko. Tafuta protini kuanzia asilimia 20 na mafuta kati ya 15 na 20. La muhimu kuliko hizo namba ni protini imetoka wapi. Ndama wa chini ya wiki 3 tumbo lake limeumbiwa maziwa. Soya na wanga wa nafaka havimwendei sawa, vinapita tu na kutoka nyuma. Kwa umri huo nataka kuona unga uliotengenezwa kwa maziwa: maziwa yaliyotolewa mafuta, au hoei, yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kwa jibini. Unga wa bei ya chini uliojaa soya unaweza kungoja ndama akue kidogo. Na yale maziwa ya unga ya kutilia chai, yenye mafuta ya mimea na sukari, hayakutengenezwa kwa ndama hata kidogo.

Unga hauchukui nafasi ya dang'a. Hili halina mjadala. Ndama huzaliwa hana kinga, na kinga yote ya mwanzo anaipata kwenye yale maziwa mazito ya manjano ya mama. Mpe ndani ya saa 2 za kwanza ikiwezekana, zisipite 6, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 40 ni lita 4, zikigawanywa ikibidi. Kila saa inayopita utumbo unazidi kufunga mlango, na baada ya siku nzima haupitishi kinga tena. Endelea na maziwa ya mama siku 3 au 4, kisha anza kuchanganya na unga kidogo kidogo mpaka ahamie wote. Kitovu kitiwe ayodini mara anapozaliwa.

Kukoroga kunataka mizani. Kikombe cha kukadiria leo kimeshindiliwa, kesho hakikushindiliwa, na tumbo la ndama halipendi mabadiliko. Angalia pia mfuko unasema nini hasa: gramu 125 ziongezwe juu ya lita nzima ya maji, au zikorogwe hadi vyote vifike lita moja. Ni vitu viwili tofauti. Maji yawe ya moto wa digrii 45 hadi 50 ili mafuta yayeyuke. Yakichemka sana yanaharibu protini, yakiwa baridi unga unabaki mabonge. Mimi hutia maji nusu, nikanyunyiza unga juu huku napiga kwa kile chombo cha kupigia mayai ya keki, kisha namalizia maji. Akinywa yawe digrii 38 hadi 40, sawa na joto la mwili wake. Tumia themomita ya kupimia maji, ni afadhali kuliko kutia kidole, kwa sababu mchana wa kaskazi mkono wako wenyewe una joto la kukudanganya.

Usiandae ya kutwa. Kwa joto letu maziwa yaliyokorogwa yanaharibika upesi, na yaliyobaki kwenye chupa mwagia mnazi. Unga wenyewe uweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza, juu ya ubao, mbali na ukuta. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, na mfuko ulioachwa wazi hushika mabonge kisha ukavunda.

Kwenye chupa ndipo ninapotaka uniangalie kwa makini. Ndama anywe amesimama. Shingo iwe imenyooka, pua imeinuka kidogo tu, chupa ikae usawa ambao kiwele cha mama yake kingekuwa. Hapo anaponyonya, mfereji mdogo ndani hujikunja ukawa bomba na kupeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne, la kumeng'enyea maziwa. Ukimmiminia mdomoni, au ukimvuta kichwa kikaelekea juu, mengine yanaingia kwenye tumbo la kwanza yakachacha, na mengine yanaingia kwenye mapafu. Ndama aliyeingiwa na maziwa mapafuni utamsikia anakohoa, pumzi inakoroma, na mara nyingi humpati tena.

Pindua chupa uangalie chuchu. Maziwa yatone, yasitiririke. Kuna watu hupanua tundu kwa kisu ili ndama amalize haraka waende kazini. Tafadhali usifanye hivyo. Ule muda wa kunyonya ndio unaoleta mate, na povu jeupe utakaloliona pembeni mwa midomo ni dalili njema. Ndama anayenyonya sawasawa hutikisa mkia na kuipiga chupa kwa paji la uso anavyompiga mama yake kiweleni. Ishike kwa nguvu. Kama ni mgeni wa chupa, mtie kidole safi mdomoni, akianza kukivuta telezesha chuchu pembeni. Asiyevuta kidole kabisa asilazimishwe chupa. Huyo ni mgonjwa, na daktari wa mifugo ndiye wa kumlisha kwa mrija wa kufika tumboni.

Kiasi cha kuanzia ni ile ile sehemu ya kumi ya uzito kwa siku, mara mbili, alfajiri na jua likishatua. Ndama wa kilo 40 ni lita 2 na 2. Akiwa na afya na unamwona mbavu, mwongezee taratibu hadi lita 6, ukigawa mara tatu. Joto linamla pia, maana kuhema kwenyewe kunatumia nguvu. Ndiyo sababu napenda banda la ndama liezekwe makuti. Chini ya mabati mchana ni tanuri. Na maji matamu ya kunywa yawepo muda wote tangu siku za kwanza, kwenye ndoo yake. Maziwa ni chakula, hayakati kiu ya Mombasa.

Chupa ioshwe kila baada ya kunyonyesha: kwanza maji ya vuguvugu, kwa sababu ya moto moja kwa moja hugandisha protini ukutani, kisha ya moto na sabuni na brashi, halafu ipinduliwe ikauke. Chuchu igeuzwe ndani nje.

Akihara, usimnyime maziwa. Najua wazee wengi walitufundisha kumfungisha, lakini ndama mwenye njaa hana cha kupigania. Endelea na maziwa, na katikati ya nyakati za maziwa mpe dawa ya kurudisha maji mwilini iliyokorogwa kwa maji matamu, vikiwa mbalimbali, visichanganywe chupa moja. Finya ngozi ya shingo uiachie: ikikawia zaidi ya sekunde 2 kurudi, au macho yamezama, au hasimami, piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo. Joto la mwili likipita digrii 39.5 na tezi chini ya sikio zimevimba, fikiria ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kupe huja hata na majani uliyomkatia ng'ombe bandani.

Kuachisha nako hakutaki haraka. Kuanzia wiki ya kwanza mwekee punje za ndama, kile chakula kikavu cha kumwanzishia, kiganja kimoja, na zibadilishwe kila siku kwani zikinyonya unyevu huzikataa. Akishakula kilo moja kila siku kwa siku 3 mfululizo, kwa kawaida kati ya wiki ya 8 na ya 12, punguza maziwa hadi mara moja kwa siku, wiki inayofuata acha. Muache banda lile lile kwa siku kadhaa kabla ya kumhamishia kwa wakubwa, na ndoo yake ya maji matamu umhamishie pamoja naye.