Maswali na majibu: msuguano wa gurudumu na reli kwenye kona

Swali (Tororo): Kwa nini kwenye kona reli ya nje huliwa ubavuni, na ya ndani hupiga kelele?

Jibu: Ukingo (sehemu iliyochomoza pembeni) wa gurudumu la mbele hugandamiza ubavu wa reli ya nje, na unga wa chuma humwagika juu ya mataruma. Magurudumu mawili ya ekseli moja huzunguka pamoja, lakini njia zao hazilingani. Kwenye reli zetu za Uganda za upana wa milimita 1,000, kona ya nusu kipenyo cha mita 200 huipa reli ya nje zaidi ya nusu mita ya ziada katika kila mita 100. Gurudumu la ndani huburuzwa kimshazari, likishika na kuachia kwa kasi kubwa, na hiyo ndiyo kelele. Grisi huwekwa ubavuni mwa reli ya nje tu, kamwe si juu.

Swali (Namanve): Tupimeje msuguano, na namba ipi ni nzuri?

Jibu: Kwanza pateni kibali cha kufunga njia na mweke mlinzi wa kuangalia treni. Tribomita (kifaa cha kupima msuguano) ya kusukuma kwa mkono ina kigurudumu kinachobanwa kwenye reli na kufungwa breki polepole hadi kiteleze. Nguvu ya msuguano wakati huo, ikigawanywa kwa mzigo, ndiyo kipimo. Anzeni sehemu iliyonyooka kabla ya kona. Pimeni kila reli peke yake, juu kisha ubavuni, mara tatu. Juu ya reli tafuteni 0.30 hadi 0.40, na reli mbili zisipishane kwa zaidi ya 0.1. Ubavu wa reli ya nje uwe chini ya 0.20. Andikeni hali ya hewa na saa treni ya mwisho ilipopita, maana kutu ya usiku mmoja na umande hupotosha namba. Karatasi isiyo na maelezo hayo haina faida.

Swali (Jinja): Kipaka grisi (kifaa cha kando ya reli) kinafanya kazi, ila katikati ya kona ni kukavu.

Jibu: Kagueni midomo inayotoa grisi kama imezibwa na vumbi, halafu kimo cha kipaka: reli ikishaliwa, ukingo wa gurudumu hauigusi grisi tena.

Swali (Kampala): Injini huteleza mlimani baada ya manyunyu. Je, ni grisi?

Jibu: Huenda. Lakini manyunyu hafifu yakichanganyika na kutu na vumbi hufanya tope telezi. Mvua kubwa huliosha. Pimeni reli ikikauka. Ikiwa bado chini ya 0.20, punguzeni grisi na mfute kwa vitambaa vikavu. Msitumie dizeli, huacha utando wa mafuta.

Swali (Malaba): Ukavu unaweza kuangusha treni?

Jibu: Ndiyo. Ukingo wenye mwinamo wa nyuzi 70 ukisuguana kwa 0.5, gurudumu laweza kuanza kupanda reli nguvu ya pembeni ikifikia karibu 0.95 ya uzito unaolikandamiza. Kwa 0.2, kikomo ni kama 1.6. Magurudumu yaliyotoka kuchongwa karakana yana uso wenye mikwaruzo, kwa hiyo safari zao za kwanza ndizo za kuhakikisha ubavu una grisi.