Ukipangiwa Dawati, usinune

Najua unachowaza. Umetoka chuo cha polisi Moshi, mwili umekaza, ulitaka FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, au upelelezi, au angalau barabarani, na barua inasema Dawati la Jinsia na Watoto, la kesi za ukatili wa kijinsia na wa watoto, Pemba. Wenzako watakutania kwamba umepelekwa kuamua ugomvi wa mke na mume. Mimi nilinuna wiki mbili, kisha nikakaa pale miaka kumi na moja.

La kwanza ni sheria. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini kesi zako zinaingia mahakama za Zanzibar kwa sheria za Zanzibar. Vifungu vya Sura ya 16, Kanuni ya Adhabu ya bara, ulivyokariri viweke kando. Soma Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018 na Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011. Anayeamua kushtaki ni Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na tangu 2021 zipo mahakama maalumu za udhalilishaji, ndivyo huku wanavyouita ukatili wa kijinsia. Jalada lenye vifungu vya bara litakurudia siku hiyo hiyo, na kituo kizima kitacheka. Hilo dogo.

Kubwa ni kaunta. Mama anaingia kamshika mtoto mkono. Kuna vijana wawili wamekuja kwa habari ya Vespa iliyoibiwa. Mama anasema, "Nina shida," halafu anaangalia sakafu. Usimuulize shida gani. Inuka, mtie chumbani, funga mlango. Akilisema kaunta, akarudia kwako, akarudia kwa daktari, akarudia kwa mkubwa wako, mara ya nne mtoto ama kanyamaza ama kabadilisha neno, na wakili wa mshtakiwa atajenga nyumba juu ya neno hilo moja. Mtoto mwenyewe atasema "kanifanyia tabia mbaya", basi. Andika hivyo hivyo, kwa maneno yake. Usimpambie Kiswahili.

Ndiyo maana ya vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, vilivyoanzia Mnazi Mmoja mwaka 2011: daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri nasaha mahali pamoja. Wapeleke kabla hujaanza maelezo marefu. Dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Karatasi zako zinaweza kusubiri.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza mama mmoja alileta nguo za mwanawe hazijafuliwa, jambo ambalo wengi hawalijui. Zilikuwa mbichi kwa mvua. Nikazitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga fundo, nikaweka kabatini Ijumaa mchana. Jumatatu, kabla sijafungua vizuri, harufu ya ukungu ikanipiga puani. Kielelezo kikafa pale. Nguo mbichi hukaushwa kivulini, kila moja huingia bahasha yake ya kaki, juu yake jina, tarehe, saa na saini. Mama yule nakutana naye sokoni mpaka leo. Ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Halafu kuna muhali, yaani kuona vibaya kumkatalia au kumuumiza mtu wa karibu. Kama umetoka bara utalijua neno hili kwa machungu. Mtuhumiwa ni ami, ni mwalimu, ni jirani aliyewazikia mzee wao. Familia inaona muhali kumpeleka mahakamani. Baada ya wiki tatu atakuja mzee mwenye kanzu safi: "Mwanangu, sisi tumeshayamaliza nyumbani." Usimfokee. Mwamkie shikamoo, mpe kiti, mpe maji, ahadi usimpe. Mwambie, "Babu, jalada limeshakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, mimi sina mkono tena." Lakini ili hilo liwe kweli, jalada liwe limeshakwenda! Ukikaa nalo mwezi mezani, mzee atakushinda.

Hesabu pia msimu wa karafuu. Hili hakuna aliyeniambia. Kesi imepangwa, hakimu kakaa, nami shahidi wangu mkuu yuko kambi ya wachumaji na familia yake anachuma, simu haipatikani. Siku unapoandika maelezo, uliza: msimu mnachuma wapi, shamba la nani? Chukua simu ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao, na ya jirani mmoja asiye ndugu. Jioni ya kuamkia kesi piga, uulize na nauli. Kutoka Micheweni mpaka mjini Chake Chake ni daladala, na mama mwenye watoto wawili mgongoni na mkononi hatakwambia kwamba hana hela. Atakosa tu kuja.

Mwisho, tia nguo za kiraia kwenye droo, shati la kawaida au dera. Itatokea siku utakutwa na magwanda, na mtoto wa miaka mitano hazungumzi na mabuti. Langu la kijani nimeliacha droo ya chini. Atakayekaa pale alitumie.