Barua kwa mwanangu: mdogo wako akitaka kukufuata jeshini

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza kama nitaridhia mdogo wako akufuate kwenye jeshi la Uingereza, hata vita vikitokea mkawa huko nyote wawili. Ukaongeza kwamba babu yako na kaka yake walivaa magwanda ya Mwingereza pamoja, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha kitako nikuandikie.

Pamoja hawakuwahi kuwa. Babu yako ndiye aliyejiandikisha kwanza, akawa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Kaka yake, baba mkubwa wangu, hakutaka mdogo awe peke yake vitani, akaingia kikosi cha mizinga, Rejimenti ya 301 ya East African Artillery. Mwaka 1943 babu yako alikwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakifanya mazoezi ya vita vya msituni huku wakingoja zamu yao ya kwenda kupigana Burma, ambayo leo ni Myanmar. Februari 1944 baba mkubwa akapanda meli Mombasa, Khedive Ismail, kuelekea Colombo. Alikuwa anamfuata mdogo wake.

Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga meli hiyo, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wanajeshi wetu wa Afrika Mashariki. Waliowahi kujitupa baharini walikutana na balaa jingine. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na manowari za Uingereza zilizokuwa zikisindikiza msafara zikadondosha mabomu ya chini ya maji palepale watu walipokuwa wakielea. Nyambizi hiyo ingeachwa, ingeweza kuzamisha meli nyingine zilizojaa askari. Hesabu hiyo naielewa. Kuikubali, mimi ambaye baba yangu mkubwa alikuwemo, sijaweza.

Babu yako aliingia Bonde la Kabaw, huko Burma, kwenye mvua na malaria, na Desemba 1944 divisheni yao ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Alirudi mzima. Siku aliyofika, mama yake alimuuliza, “Mwenzio umemwacha wapi?” kana kwamba walitumwa sokoni. Swali hilo alilibeba mpaka uzeeni, kwa sababu alijua kaka yake aliingia jeshini kwa ajili yake.

Wale wa mizinga wameandikwa kwenye ukumbusho ulio Nairobi War Cemetery, Ngong Road. Ukumbusho huohuo una jina la Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya 6 ya Keya, Mzungu mzaliwa wa Kenya, aliyerukia kifaru cha Waitaliano kule Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, akauawa siku hiyo. Walimtunuku Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, vita vilipokwisha. Mdogo wake Rea alikuwa mwanajeshi wa vifaru, akapigana Afrika Kaskazini, akaishi hadi kuwa meja jenerali. Mshahara wa Mwafrika na wa Mzungu haukukaribiana hata kidogo, na hilo lisisahaulike. Lakini kila nyumba ilipoteza ndugu, na kaburi la kwenda kulitembelea hakuna.

Huko Uingereza uliko, uliza habari za ndugu Smith wa mji wa Barnard Castle. Walikwenda sita katika vita vya kwanza vya dunia, watano wakafa. Mke wa mchungaji alimwandikia Malkia Mary, ndipo Wilfred, kitinda mimba, akarudishwa kwa mama yake. Watano kwanza, ndipo mtu akaandika barua!

Basi jibu langu ni hili. Sikatai. Ni mtu mzima, na kazi hiyo nimeona ilivyokuinua. Ila asiingie kwa sababu yako. Akiingia kwa hiari yake, aombe kikosi tofauti na chako. Na mkipangiwa vitani wakati mmoja, mmoja wenu amwendee kamanda wake aseme ndugu yangu yuko huko tayari. Wewe ndiye mkubwa, utaanza wewe. Usione aibu. Ukiogopa wataona huna moyo, wakumbushe kwamba babu yako alifika Chindwin.

Mwambie anipigie Jumapili kabla hajajaza fomu yoyote. Nitamsomea barua hii yote, na nitamwacha aulize.

Mama yako