Kulitaja Jina la Yesu Mbele ya Watu wa Dini Mbalimbali: Kwa Mchungaji Anayeanza

Ukipangiwa usharika Tanga, Tabora, Kigoma au Mombasa, haitapita miezi mingi kabla hujaitwa kuomba mahali ambapo nusu ya waliokaa si waumini wako. Yatakuwa mahafali ya sekondari ya kata, uzinduzi wa zahanati, kikao cha madiwani, au msiba wa jirani. Swali litakalokunyima usingizi usiku wa kuamkia siku hiyo ni hili: nimtaje Yesu, au nisimtaje? Jibu letu tunalitanguliza. Mtaje, ila mtaje kwa kinywa chako mwenyewe, usimweke kwenye kinywa cha mtu asiyemwamini. Katika Kiswahili tofauti ya mambo hayo mawili imebebwa na silabi moja.

Silabi yenyewe ni "tu". Ukisema "tunaomba haya yote kwa jina la Yesu", hiyo "tu" imemzoa sheikh aliyekaa kiti cha mbele, mwalimu mkuu Mwislamu, na mfanyabiashara wa Kihindu aliyechangia saruji. Umewaombea kwa jina wasilolitumia kuombea, tena bila kuwauliza. Sasa jaribu hivi: "Nami mtumishi wako naomba haya kwa jina la Yesu Kristo, Bwana na Mwokozi wangu. Amina." Jina limetajwa lote, kwa sauti kamili, na hakuna aliyeburutwa. Kama Wakristo ni wengi na unataka kuwabeba, sema "sisi tulio Wakristo tunaomba". Maneno matatu tu yameongezeka, lakini aliye nje ya imani yetu ameachiwa nafasi yake.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Tarehe 20 Januari 2001, George W. Bush alipoapishwa kuwa rais wa Marekani, mchungaji Kirbyjon Caldwell alifunga sala yake kwa nafsi ya wingi: tunaileta sala hii katika jina lipitalo majina yote, Yesu Kristo, na wote wanaokubali waseme amina. Lawama zilikuja, na mwaliko ule wa mwisho haukupona, kwa sababu uliwagawa waliohudhuria papo hapo kati ya wanaoitikia na wanaonyamaza. Tarehe 20 Januari 2009, Barack Obama alipoapishwa, mchungaji Rick Warren aliomba kwa nafsi ya umoja, "naomba", kwa jina la yule aliyebadilisha maisha yake, kisha akalitaja jina hilo kwa namna nne: Yeshua, Isa, Jesús, Jesus. Wapo ambao hawakuridhika naye pia, lakini jina lile alilitaja kwa kinywa chake mwenyewe. Ukitaka kujifunza kufunga sala, ziweke hizo mbili kando kwa kando.

Wachungaji wengi wachanga hukosea upande wa pili: wanalifuta jina kabisa wakidhani wanawastahi Waislamu. Msikilize sheikh anapopewa nafasi yake. Anaanza na Bismillahi, anamhimidi Mungu, anamsalia Mtume, mara nyingi anasoma Fatiha, na haombi radhi kwa lolote katika hayo. Na wewe anakutarajia uombe kama Mkristo. Akikusikia unazungukazunguka na "Nguvu iliyo juu yetu sote", hatakuona mstaarabu. Atajiuliza unaficha nini. Nchi zetu zina desturi nzuri ya viongozi wa dini kuomba kwa zamu kwenye hafla za taifa, kila mmoja kwa namna yake. Assisi, Italia, tarehe 27 Oktoba 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili alipowaalika viongozi wa dini za dunia kuombea amani, utaratibu ulikuwa huohuo: walikwenda kuwa pamoja ili kusali, si kusali sala moja kwa pamoja. Kila dini ilisali kwa zamu, nyingine zikasikiliza kwa heshima. Penye zamu, wewe ni sauti ya Wakristo, na jina la Yesu ni haki ya wale unaowasemea.

Ugumu unakuja pale unapoomba peke yako, kwa niaba ya wote, bila sheikh wa kukufuata. Kwa hiyo usikubali mwaliko kabla hujapata majibu manne kutoka kwa mwenye shughuli. Ni nani wengine wanaoomba, na mimi ni wa ngapi? Ninaomba, ninatoa salamu, au ninahutubia? Dakika ngapi? Waliopo ni akina nani, na wanaweza kutoka wakitaka? Swali la mwisho wengi huliruka, nalo ndilo zito kuliko yote. Kwenye uzinduzi wa barabara mtu asiyependa sala yako husogea pembeni kupokea simu. Mwanafunzi wa miaka 14 kwenye paredi ya asubuhi hawezi, na mgonjwa kitandani hawezi.

Ukishajua unaomba, andika sala. Usijiamini kwamba Roho atakupa maneno palepale. Anaweza kukupa siku tatu kabla, ukiwa na kalamu. Kwa dakika mbili andika maneno 180 hadi 200, kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi. Isome kwa sauti ukiwa na saa. Mwili wa sala ndio mahali pa "tu", kwa hiyo tumia humo maneno ambayo kila aliyekaa anaweza kuyamiliki: Mwenyezi Mungu, Mola wetu, Muumba wa mbingu na nchi, Mwingi wa rehema. Wimbo wa taifa wa Tanzania unaonyesha jinsi inavyofanyika. Asili yake ni wimbo wa kanisa wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, na ule wa Kixhosa unamwita Roho Mtakatifu ashuke. Wetu wa Kiswahili umebaki na "Mungu" tu, na ndiyo maana neno "tubariki" lililomo linaimbwa na kila mtu uwanjani bila kusita. Basi shukuru kwa wingi, ombea wauguzi, wazazi, mvua na amani kwa wingi, halafu ukifika sentensi ya mwisho rudi kwenye "naomba" na utaje jina. Usilitaje mara saba katikati. Jina likitajwa mara moja, mwishoni, taratibu, husikika kuliko likirudiwa kila baada ya pumzi.

Sentensi hiyo ya mwisho iandike iweze kusimama peke yake. Simu ziko juu zinarekodi, na kipande kitakachozunguka mtaani ni cha sekunde 20, si dakika mbili.

Kuna maneno ambayo kanisani ni mkate wa kila siku lakini nje yanageuka. "Tunafunika eneo hili kwa damu ya Yesu" ni mfano mkubwa. Mwislamu amefundishwa kwamba damu ni najisi inayohitaji kuoshwa. Anachosikia ni kwamba unataka kumwagia ukumbi najisi. Maana yako ya ukombozi haimfikii, na sala haina nafasi ya kumfafanulia. "Tunavunja kila madhabahu na kila roho chafu iliyo mahali hapa" humfanya aliyekaa ajiulize kama roho hiyo ni yeye. "Mwana wa Mungu" ni ukiri wetu na hatuukani, lakini Mwislamu anaposikia, sura ya Ikhlas inamjia hapohapo: Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Hilo ni somo la saa nzima, penye maswali na majibu. Ukilitupa ndani ya dua ambayo adabu inamkataza kuikatiza, umemfungia mtu kwenye mjadala asioweza kujibu. "Yesu Kristo, Bwana wangu" linatosha.

Wala usimthibitishe Yesu kwa aya za Kurani ukiwa kwenye maiki ya watu wote. Ni kweli Kurani inamwita Isa bin Maryamu, Masihi, na neno litokalo kwa Mungu. Lakini Kurani hiyohiyo, sura ya 4, aya ya 157, inakanusha kwamba alisulubiwa, na kila ustadhi aliyekaa pale anaijua. Mbinu ya kuokota aya ni ya mihadhara, ile mijadala ya hadharani ya kushindanisha dini, na mihadhara imetuachia majeraha pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mhubiri Mwislamu Tanzania alitiwa hatiani kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu, hadi Mahakama ya Rufani ilipomwondolea hatia. Pima uzito wa maneno haya kabla hujayashika. Ukitaka kuzungumza kwa kina na Waislamu kuhusu Yesu, yapo majukwaa yake: kamati za amani za wilaya, semina za PROCMURA (mpango wa makanisa wa mahusiano ya Wakristo na Waislamu Afrika), au chai nyumbani kwa imamu wa mtaa wako, ambayo kwa maoni yetu inashinda semina zote.

Salamu ina mtego wake. "Bwana Yesu asifiwe!" isemwe mara moja, waitikie wanaoitikia, uendelee. Kosa ni kurudia ukisema "sijasikia!", kana kwamba uko kwenye mkutano wa injili. Wanaonyamaza hawajalala. Mara ya kwanza wamekuvumilia, mara ya pili unawalazimisha kuchagua mbele za watu. Hivyohivyo "inueni mikono juu", "mwambie jirani yako", na "tumpigie Yesu makofi". Ukitaka watu watulie, sema "naomba tusimame kwa utulivu, kila mmoja kwa imani yake", kisha omba. Ukipenda kuwasalimu Waislamu kwa salamu yao, itamke sawasawa au iache.

Hotuba ni kitu kingine, na nafasi yake ni pana zaidi. Hapo hauko mbele za Mungu kwa niaba ya watu. Uko mbele ya watu ukisema unachoamini, na asiyekubali anabaki huru kutokukubali. Msome Paulo Athene katika Matendo 17. Sokoni alihubiri Yesu na ufufuo waziwazi, aya ya 17 na 18. Aliposimamishwa Areopago, alianzia kwenye madhabahu yao ya Mungu asiyejulikana, akawanukuu washairi wao, na jina la Yesu halimo katika hotuba ile. Lakini alimfikia: mtu yule ambaye Mungu amemchagua na kumfufua katika wafu, aya ya 31. Hakuuficha ufufuo, ingawa ndio uliowafanya wengine wadhihaki. Hotuba yako kuhusu rushwa au mazingira ifuate njia hiyo. Anza na jambo lililowaleta, lichambue kwa haki, kisha sema "mimi kama mfuasi wa Yesu nalitazama hivi" na ueleze alichofanya au alichofundisha. Mfano wa Msamaria mwema hauhitaji utetezi kwa mtu wa dini yoyote.

Msibani angalia kwanza maiti ni ya nani. Marehemu akiwa Mkristo, mtaje Yesu kwa ukamilifu, soma Yohana 11:25, imba. Waislamu waliokuja wanajua wamekuja mazishi ya Kikristo, na hakuna atakayeshangaa. Wanachoshangaa, na wana haki, ni pale mhubiri anapogeuka kwenye kaburi lililo wazi na kuwaita "ambao hamjampokea Yesu" wasogee mbele. Marehemu akiwa Mwislamu, huna sala ya kuongoza. Mazishi yao huenda haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, nawe ukiombwa neno ni la dakika moja: poleni, marehemu alitutendea hivi na hivi, Mungu awatie nguvu. Maneno ya Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, yanawafaa, kwani Ayubu ni nabii kwao pia. Familia ikiwa mchanganyiko, muulize mkubwa wa ukoo mapema, faraghani, na ufuate atakavyosema.

Siku moja mwenye shughuli atakwambia waziwazi: "Mchungaji, leo usimtaje Yesu." Usikasirike, muulize sababu. Mara nyingi ameogopa kelele za mtu aliyetangulia, na ukimsomea sentensi yako ya mwisho, hofu inaisha. Akishikilia, una njia mbili safi. Unaweza kukubali, ukijua kwamba Sala ya Bwana yenyewe, aliyotufundisha Yesu katika Mathayo 6, haina jina lake ndani. Ila usiitangaze kama sala isiyo na upande wala kuwataka wote waisome, maana kumwita Mungu "Baba" si lugha ya Mwislamu. Au unaweza kukataa kwa upole, ukamwomba akupe nafasi ya salamu badala ya sala. Njia chafu ni kukubali, kisha ukishika maiki ukavunja ahadi. Waumini watakushangilia jioni hiyo, na jina ulilolitetea litakumbukwa mtaani kama jina la mtu asiyeaminika.

Waumini wako nao watakuuliza kwa nini sala ilikuwa fupi na tulivu hivyo. Mmoja atakutajia Mathayo 10:33, juu ya kumkana mbele ya watu. Usingoje. Wiki moja kabla ya hafla, wasomee wazee wa kanisa sala uliyoiandika, uwaonyeshe mahali jina lilipo na kwa nini liko pale. Ukiwa na muda, mwonyeshe na sheikh mtakayeomba naye. Hutafuti kibali chake. Unampa nafasi ya kukwambia neno ambalo hukujua linauma, naye pengine atakuonyesha ya kwake.