RAM Mpya Haifikii Kasi Yake: Je, Nimeuziwa Bandia?

Ndugu Mhariri,

Nina duka la uchapaji hapa Nyegezi, Mwanza, ambamo pia nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na RAM moja (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya aina ya DDR4, GB 8, yenye kasi ya 2400. Mwezi uliopita nilinunua nyingine ya GB 8 iliyoandikwa 3200 na 1.35 V, lakini BIOS, programu ya mwanzo inayoiwasha kompyuta, ikaonyesha GB 16 kwa kasi ya 2400 tu. Kijana mmoja jirani alinishauri niwashe XMP. Nilipowasha na kuhifadhi, feni zikazunguka lakini kioo kikabaki cheusi hadi leo. Je, nimeuziwa bandia, na nifanye nini?

Msomaji, Nyegezi

JIBU

Ndugu msomaji, kwa maelezo yako sioni dalili yoyote ya bandia, na muuzaji wako usimgombeze bado.

Kila RAM ina chipu ndogo iliyoandikwa kasi na volteji inazozimudu, na BIOS huisoma kila unapowasha kompyuta. RAM mbili zinapotofautiana, zote huendeshwa kwa kasi moja ambayo hata ile ya polepole inaiweza, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa hakiwezi kuiendesha kila moja kwa mwendo wake. Kwa hiyo 2400 uliyoiona ilikuwa sahihi kabisa.

Yale maandishi ya 1.35 V yanaeleza mengi kuliko ile 3200. Volteji ya kawaida ya DDR4 ni 1.2, hivyo RAM inayodai 1.35 ina maana kwamba kasi yake kubwa imo kwenye XMP, yaani mpangilio ulioasisiwa na Intel ambao mtengenezaji huuandika ndani ya RAM, juu ya kasi ya kawaida, na ambao haufanyi kazi mpaka mtu auwashe. Ulipouwasha, BIOS iliziamuru RAM zote mbili zikimbie kwa 3200, pamoja na ile ya zamani ambayo mtengenezaji wake hakuahidi zaidi ya 2400, ndipo kompyuta ikashindwa kuamka. Kijana wako hakukosea sana; ushauri huo humfaa mwenye RAM mbili za aina moja.

Kuirudisha si kazi ngumu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliosalia uishe. Fungua kasha, gusa chuma chake kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini, halafu toa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye ubao mama (mafundi wetu huuita mazabodi) na uiache nje kwa dakika tano hivi. Ukiirudisha na kuwasha, huenda kioo kikabaki cheusi kwa dakika moja au mbili wakati ubao unaipima RAM upya. Hapo ndipo wengi hukosa subira, wakazima, na kuanza tena mwanzo.

Ingia BIOS kwa Del au F2, uache XMP ikiwa imezimwa, na usiguse volteji. Rekebisha tarehe na saa, kwa kuwa betri ikitolewa hupotea, na kivinjari chenye tarehe ya zamani hukataa kufungua tovuti salama.

Kama ubao wako una sloti nne, aghalabu RAM mbili hukaa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa, ili zifanye kazi kwa chaneli mbili, yaani njia mbili za data kwa wakati mmoja. Kijitabu cha ubao ndicho chenye kauli ya mwisho. Kwa video za harusi, kutoka GB 8 hadi 16 kwenye chaneli mbili kutakufaa kuliko tofauti ya 2400 na 3200, na mimi ningeridhika hapo. Kisha endesha MemTest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye fleshi, hadi imalize mzunguko mzima. Ikionyesha kosa hata moja, basi rudi dukani na RAM yako.

Ukiitaka 3200 kwa vyovyote, nunua mbili zilizouzwa pamoja katika pakiti moja, lakini kwanza hakikisha ubao na prosesa vinaikubali: ubao wenye chipseti (chipu kuu inayoratibu ubao) ya H410, kwa mfano, hauvuki 2666 au 2933, kutegemea prosesa. Wala usisasishe BIOS bila UPS (betri ya akiba ya umeme), maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kuupoteza ubao wenyewe.

Na programu nyingine ikikuonyesha 1200 badala ya 2400, usishtuke: DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo, na programu hiyo inahesabu mipigo tu.